Shahada ya hesabu za fedha: Itamlipa nini mtoto wa mkulima wa Itetemia?

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali moja huingia katika nyumba nyingi za Itetemia na vitongoji vingine vinavyouzunguka mji wa Tabora: mtoto aliyefaulu vizuri somo la Hisabati apelekwe kusomea nini? Wazazi wengi hujibu haraka kwamba akasomee uhandisi, ualimu au uhasibu, kwa kuwa kazi hizo wanazifahamu na watu wanaozifanya wanawaona mitaani.

Katika miaka ya karibuni hata hivyo, jina jingine limeanza kusikika katika fomu za kuomba vyuo. Ni masomo ya hesabu za fedha na ndugu yake wa karibu, takwimu bima, ambayo baadhi ya watu huyaita aktuaria. Mzazi anaposikia jina hilo huuliza maswali mawili tu: hiyo ni kazi gani, na italipa?

Maswali hayo ni ya haki. Kwa familia inayoishi kwa tumbaku, mahindi, karanga na asali, miaka mitatu ya chuo kikuu ni sawa na kuweka rehani misimu mitatu ya kilimo. Kuna atakayeuza ng'ombe, kuna atakayekopa, na kuna atakayepunguza eka za kulima kwa sababu mikono imepungua nyumbani. Uamuzi wa namna hiyo haufai kufanywa kwa kusikia jina zuri la kozi.

Somo lisilo geni Unyamwezini

Kwa maneno mepesi, hesabu za fedha ni elimu ya kupima mambo mawili: thamani ya muda na bei ya hatari. Shilingi ya leo si sawa na shilingi ya mwakani, na ahadi ya mtu mwenye uhakika si sawa na ahadi ya mtu anayebahatisha. Mwanafunzi wa somo hili hufundishwa namna ya kuzigeuza tofauti hizo kuwa tarakimu.

Watu wa Tabora waliishi na mambo hayo muda mrefu kabla ya vyuo vikuu kuwapo nchini. Karne ya 19, Tabora ilipojulikana kwa wasafiri kama Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh Novemba 7 mwaka huohuo, safari ya siku zaidi ya 130. Muda wote huo mtaji wa msafara ulikuwa njiani, juu ya mabega ya wapagazi, ukikabiliwa na njaa, maradhi, hongo za njiani na vita.

Mtaji wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mkopo. Matajiri wa Unguja kama Taria Topan waliwakopesha wafanyabiashara nguo, shanga na bidhaa nyingine, wakisubiri kulipwa pembe za ndovu baada ya miezi mingi au hata miaka. Tippu Tip ni mmoja wa waliofanya biashara kwa mikopo ya tajiri huyo. Mkopeshaji hakuwa na kikokotoo, lakini alijua kwamba fedha itakayokaa miaka miwili porini lazima irudi na faida kubwa kuliko ile inayokaa mwezi mmoja dukani.

Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipoingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa. Hatari ilipanda, na hatari inapopanda bei hupanda nayo. Hesabu za fedha za leo zimejengwa juu ya kanuni hiyohiyo, ila sasa zinatumia takwimu za miaka mingi na kompyuta badala ya uzoefu wa tajiri mmoja.

Mfano wa gunia la mahindi

Ili kuona somo hili linafanya nini, chukua mkulima mwenye magunia 10 ya mahindi mwezi Juni. Tuseme bei ya siku hiyo ni sh 50,000 kwa gunia. Akiuza anapata sh 500,000. Jirani yake anamshauri asubiri hadi Januari, wakati bei hupanda.

Asubiri? Kwanza anahitaji mifuko isiyopitisha hewa, kwa sababu Tabora ndiko dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengi humwita Scania, alikoanza kuonekana hapa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970. Tuseme mifuko hiyo ni sh 5,000 kila mmoja, jumla sh 50,000. Pili, kama anahitaji fedha sasa kwa ajili ya ada na pembejeo, atalazimika kukopa sh 500,000. Kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, miezi saba itamgharimu sh 122,500.

Jumla ya gharama za kusubiri ni sh 172,500. Maana yake ni kwamba bei ya Januari lazima ifike sh 67,250 kwa gunia ndipo arudishe kile ambacho angekipata Juni. Ikifika sh 70,000 amepata faida ya sh 27,500 tu kwa magunia yote. Ikiishia sh 65,000 amepata hasara ya sh 22,500, ingawa mtaani ataonekana ameuza kwa bei nzuri.

Hapo bado swali gumu halijajibiwa: kuna uwezekano gani wa bei kufika sh 67,250? Mkulima hubahatisha. Mtaalamu wa hesabu za fedha hukusanya bei za miaka iliyopita, huangalia mvua, hali ya mavuno katika mikoa ya jirani na vibali vya kuuza nje, kisha hutoa jibu kwa kiwango cha uwezekano. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na benki kabla ya kukopesha chama cha ushirika, na ndiyo inayofanywa na mnunuzi mkubwa kabla ya kutangaza bei.

Masoko ya mazao ya kuuziana kwa ahadi yalianza kwa shida kama hizo. Soko la Chicago nchini Marekani lilianzishwa mwaka 1848, na kazi yake kubwa ilikuwa nafaka za wakulima waliotaka kujua mapema watauza kwa bei gani. Fomula maarufu za kupanga bei za mikataba hiyo zilikuja baadaye sana, mwaka 1973, kupitia kazi za Fischer Black, Myron Scholes na Robert Merton. Wawili wa mwisho walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997.

Yanasomwa wapi

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya sayansi katika takwimu bima kupitia Idara ya Hisabati, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichoanzishwa mwaka 1972, nacho kina shahada ya fani hiyo. Nje ya mipaka, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda na Chuo Kikuu cha Nairobi vina shahada za aina hiyo. Kenya pia ina Strathmore na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambavyo vimejipatia jina katika masomo haya.

Anayetaka kuingia lazima awe na Hisabati ya kidato cha sita iliyosimama. Kwa kawaida michepuo ya PCM, EGM na PGM ndiyo inayofungua mlango. Hapo ndipo kikwazo cha kwanza kilipo, kwa sababu katika miaka ya karibuni watahiniwa wanaofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne ni chini ya theluthi moja. Mtoto anayelipenda somo hilo katika shule za kata ni mali adimu, na mzazi anapaswa kulijua hilo mapema, si siku ya kujaza fomu.

Akifika chuoni, mwanafunzi husoma hisabati ya mabadiliko, nadharia ya uwezekano, takwimu, uchumi, misingi ya uhasibu, hesabu za riba, hesabu za vifo na uhai wa watu, na kutumia programu za kompyuta. Si kozi ya kukariri. Aliyezoea kufaulu kwa kumeza madaftari hupata taabu mwaka wa kwanza.

Kazi zilizopo

Mahali pa kwanza ni kampuni za bima. Kampuni inayouza bima ya maisha, ya mazao au ya afya lazima ijue imeahidi kulipa kiasi gani miaka ijayo na imeweka akiba kiasi gani. Sheria ya Bima ya mwaka 2009, iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), imeufanya usimamizi wa sekta hiyo kuwa mkali zaidi. Tangu Januari 2023 kanuni mpya ya kimataifa ya kuandaa hesabu za kampuni za bima, iitwayo IFRS 17, imeongeza mahitaji ya wataalamu hao, kwa kuwa hesabu zake haziwezi kukamilishwa na mhasibu peke yake.

Mahali pa pili ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Watanzania wengi walilijua neno kikokotoo mwaka 2018, baada ya mifuko kuunganishwa na kanuni mpya ya mafao kutangazwa. Wafanyakazi walilalamika, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika kwa kipindi cha mpito. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakapangwa kuwa asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024 ikayapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine. Nyuma ya mvutano wote huo kulikuwa na swali la kitaalamu: wastaafu wataishi miaka mingapi, na mfuko utabaki na fedha kiasi gani?

Mahali pa tatu ni bima ya afya. Kadi ya watoto, Toto Afya, iliyouzwa kwa sh 50,400 kwa mwaka, ilisimamishwa mwaka 2023 katika usajili wa mtoto mmoja mmoja, baada ya NHIF kueleza kwamba malipo ya matibabu yalizidi mno michango. Mzazi anayeandikisha mtoto akiwa tayari mgonjwa si mwizi. Anafanya jambo la maana kwake. Lakini wakifanya hivyo wengi, mfuko hukauka. Kulitabiri jambo hilo kabla halijatokea ni kazi ya mtaalamu wa takwimu bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 imezidisha uzito wa kazi hiyo.

Wengine huajiriwa na benki, Benki Kuu, madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam lililoanza kuuza hisa mwaka 1998, kampuni za simu zinazokopesha kwa njia ya mtandao, na ofisi za washauri wa fedha.

Bima ya mazao: hapa ndipo mkulima anapoguswa

Kwa msomaji wa Itetemia, kazi iliyo karibu zaidi na jembe ni bima ya mazao. Mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliungana kuunda muungano wa bima ya kilimo, TAIC. Kenya ilitangulia na mpango wa Kilimo Salama ulioanza mwaka 2009, ambao ulitumia vipimo vya hali ya hewa kuamua fidia na simu za mkononi kuilipa, bila mkaguzi kutembelea kila shamba.

Hesabu yake ni rahisi kueleza lakini ngumu kuifanya vizuri. Tuseme bima inaahidi kulipa sh 500,000 kwa eka msimu ukiwa na ukame. Kama ukame huja mara moja katika miaka 10, gharama halisi ya ahadi hiyo ni sh 50,000 kwa mwaka kabla ya kuongeza gharama za ofisi na akiba. Kama huja mara moja katika miaka mitano, ni sh 100,000. Kosa la kusoma takwimu za mvua linaweza kumfanya mkulima alipe mara mbili ya anachostahili, au kampuni ifilisike mwaka wa kwanza wa ukame.

Kuna tatizo jingine. Tabora hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mvua hizo hunyesha kwa madoa. Kipimo kinaweza kuonyesha mvua ya kutosha mjini huku shamba lililo kilometa 20 kutoka hapo limekauka. Mkulima huyo hatalipwa, na mwaka unaofuata hatakata bima tena. Mtaalamu aliyekulia Dar es Salaam anaweza kuliona tatizo hilo kama tarakimu tu. Aliyekulia Itetemia anajua kwamba wiki mbili za kiangazi mwezi Januari, mahindi yanapotoa mbelewele, huumiza kuliko wiki nne za kiangazi kabla ya kupanda. Ujuzi huo ukikutana na hesabu, ndipo bima inayofaa hupatikana.

Upande wa pili wa shilingi

Pamoja na hayo yote, wazazi wasidanganyike kwamba cheti ni sawa na ajira. Kwanza, soko la kazi hizi nchini ni dogo na limejikusanya Dar es Salaam. Kampuni ya bima yenye mamia ya mawakala huweza kuhitaji wataalamu wa takwimu bima wawili au watatu tu. Wahitimu wengi huanzia kazi za kawaida za benki au bima, wakisubiri nafasi.

Pili, shahada si mwisho wa safari. Ili mtu atambulike kimataifa kama mtaalamu kamili, lazima afaulu mfululizo wa mitihani ya vyama vya kitaaluma, kama vile kile cha Uingereza au cha Marekani. Mitihani hiyo huchukua miaka kadhaa baada ya chuo na hulipiwa kwa fedha za kigeni, ingawa chama cha Uingereza hutoa punguzo kwa watahiniwa wenye kipato kidogo. Waajiri wakubwa huwalipia wafanyakazi wao. Asiye na mwajiri hujilipia.

Tatu, mkopo wa elimu ya juu ni deni. Bodi ya Mikopo (HESLB) hukata asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu. Mwenye mshahara wa sh 900,000 hukatwa sh 135,000 kila mwezi hadi deni liishe, na kabla ya hapo asitarajiwe kuwasomesha wadogo zake wote. Familia nyingi hupanga mambo kana kwamba mshahara wa kwanza ni wa ukoo mzima.

Nne, hesabu zenyewe zina mipaka. Mwaka 1998 mfuko wa LTCM wa Marekani, ambao Scholes na Merton walikuwa washirika wake, ulipoteza zaidi ya dola bilioni 4 na kuokolewa na benki kubwa. Miaka 10 baadaye, msukosuko wa fedha wa 2008 ulionyesha tena kwamba fomula nzuri iliyolishwa dhana mbaya huzaa hasara kubwa. Mwajiri mzuri hutafuta mtu anayejua lini asiiamini hesabu yake.

Faida inayobaki kijijini

Hata kijana asipopata ofisi yenye kiyoyozi, elimu hii ina matumizi ambayo vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa havijayachukulia kwa uzito. Mfano ni mikopo ambayo mitaani imepewa jina la kausha damu. Benki Kuu imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Lakini asilimia 3.5 ya nini?

Mtu akikopa sh 1,000,000 kwa miezi 12, na riba ikatozwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, atalipa riba ya sh 420,000. Riba ikitozwa juu ya deni linalobaki, kwa marejesho yaleyale ya kila mwezi yaliyo sawa, atalipa karibu sh 242,000. Tofauti ni sh 178,000, na tangazo ukutani ni lilelile. Kwa hesabu sahihi, mkopo wa aina ya kwanza humgharimu mkopaji karibu asilimia 5.9 kwa mwezi ya fedha anayokuwa nayo mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa DECI, mpango uliowavutia maelfu ya Watanzania kwa lugha ya kupanda na kuvuna hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Yeyote anayejua riba juu ya riba angeweza kukokotoa kwenye karatasi moja kwamba wapandaji wapya wangehitajika kuongezeka bila kikomo. Wakulima wa tumbaku nao kwa miaka mingi waliuza zao ambalo bei yake ilitajwa kwa dola, huku wakidaiwa pembejeo kwa pamoja ndani ya chama cha msingi. Thamani ya shilingi ilipoyumba, wachache waliweza kukagua kama makato yalikuwa sahihi.

Uamuzi wa mzazi

Kwa hiyo shahada hii inamlipa nani? Inamlipa mtoto anayeipenda Hisabati kwa dhati, si anayesukumwa na jina. Inamlipa aliyejiandaa kuendelea na mitihani baada ya chuo, anayejifunza kompyuta kwa bidii, na anayeomba nafasi za mafunzo kazini kila likizo badala ya kusubiri kuhitimu.

Kabla ya kuuza ng'ombe, mzazi aulize chuo mambo matatu: wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi, kozi inatambulika na vyama gani vya kitaaluma, na ada ya miaka yote pamoja na chakula na malazi ni kiasi gani. Kisha alinganishe na njia nyingine, kwa mfano ualimu wa Hisabati, takwimu za kawaida au uhasibu, ambazo zina nafasi nyingi zaidi hata nje ya Dar es Salaam. Mwanafunzi mwenye shahada ya hisabati ya kawaida anaweza pia kuingia katika hesabu za fedha baadaye kwa shahada ya pili au kwa mitihani.

Chama cha msingi nacho kinaweza kulifikiria jambo hili kwa namna yake. Kumlipia nauli na posho mwanafunzi mmoja wa takwimu bima aje likizo kukagua mikataba ya mikopo na bima ya wanachama ni gharama ndogo kuliko sh 178,000 zinazopotea kwa kila mkopo wa milioni moja uliosomwa vibaya.